GIA ZA MKONO ZAGEUKA ANASA YA MATAJIRI



Zamani, motokaa ya otomatiki ikipita barabara ya Tororo watu walijua ndani ameketi mkubwa. Gia zinazojibadilisha zenyewe zilikuwa za Mercedes ya waziri, ya balozi, au ya mkurugenzi wa kampuni. Watu wa kazi, wale wa Bedford na Leyland na Peugeot ya abiria, walikuwa watu wa klachi. Mguu wa kushoto uliuma jioni, kiganja kilikuwa na sugu pale kinaposhika mkono wa gia, na huo ndio ulikuwa udereva.

Leo mambo yamepinduka. Vitz ya mwalimu ni otomatiki. Premio ya teksi ni otomatiki. Nao mkono wa gia, uliokuwa alama ya mtu wa jasho, umehamia kwa watu wenye mamilioni, na wanaulipia zaidi kuliko otomatiki. Katika mageuzi haya yote dereva na fundi hawakuulizwa neno hata moja, ila gharama yake wameanza kuilipa wao.

Nitazungumza zaidi juu ya magari ya kasi, yale ya michezo na mashindano. Msomaji ataniuliza: mfanyakazi wa Bulumbi ana habari gani na Ferrari? Kweli, Ferrari haimhusu. Lakini giaboksi mpya mara nyingi hujaribiwa kwanza kwenye magari kama hayo, kwa saa mkononi na kwa fedha nyingi, kisha hushuka kwenye gari la kawaida. Tena magari ya kasi ya Kijapani tunayo. Subaru WRX STI, Mitsubishi Lancer Evolution, Nissan Skyline, yote yameshushwa melini Mombasa. Yaendayo Uganda, mengine hubebwa juu ya malori, na mengine huendeshwa kwa matairi yake yenyewe mpaka Malaba au Busia na wenzetu, madereva wa transit. Anayelifikisha Kampala gari la kijana tajiri ni mtu anayelipwa kwa safari.

SAFARI ILIKUWA SHULE

Wazee wa Busia na Tororo hawajasahau magari ya Safari. Mashindano hayo yalianza 1953 kwa jina la Coronation Safari, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, na njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1960 yakaitwa East African Safari. Tangu 1974 yakawa Safari Rally, yakabaki ndani ya Kenya peke yake.

Yalipendwa kwa sababu watu waliyatambua magari. Peugeot 404 ilishinda 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, na mkono wake wa gia ulikuwa kwenye usukani, kama ule wa 404 iliyobeba abiria na mikungu ya ndizi. Dereva wa kawaida aliweza kusimama kando ya barabara akasema, gari lile ni langu, ila tope lake ndilo jingi. Nani leo atasema hivyo akiona gari la mashindano?

Na washindi wenyewe walikuwa watu wa kazi, angalau baadhi yao. Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho, alikuwa fundi wa motokaa kabla ya kuwa jina kubwa. Mwaka 1965 alishinda kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, kisha akashinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Shekhar Mehta alizaliwa Uganda, na jamaa yake ilihamia Kenya wakati Idi Amin alipowafukuza Wahindi mwaka 1972. Mwaka uliofuata alishinda Safari kwa Datsun 240Z, kisha akashinda miaka minne mfululizo, 1979 mpaka 1982. Jumla mara tano.

Magari hayo yote yalikuwa na pedali tatu. Safari ilikuwa ya maelfu ya kilomita, kwenye vumbi, mawe na tope, na giaboksi ilikuwa kama punda wa safari ndefu: ukimpiga sana asubuhi, jioni utatembea kwa miguu. Dereva aliyelazimisha gia alirudi nyumbani mapema. Aliyeshinda alikuwa yule mwenye masikio, anayejua kwa mlio wa injini ni lini meno ya gia yatakubali kuingia. Ujuzi huo hauko katika kitabu. Tanboi aliupata kwa kukaa miaka miwili au mitatu kushoto kwa dereva, akitazama na kusikiliza, kabla hajapewa usukani hata wa kurudisha gari nyuma.

JINSI MKONO WA GIA ULIVYONG'OLEWA

Sasa tuone ulivyoondoka, maana wengi husema tu kwamba ni maendeleo, kama kwamba maendeleo ni mvua.

Ukibadilisha gia kwa mkono unafanya mambo manne: unaachia mafuta, unakanyaga klachi, unavuta mkono, unaachia klachi huku ukirudisha mafuta. Dereva hodari hufanya yote kwa kitambo kidogo sana. Lakini katika kitambo hicho magurudumu hayapati nguvu, gari linakwenda kwa msukumo uliobaki. Kwa mtu anayekwenda Mbale si kitu. Kwenye mashindano ni kushindwa.

Mwaka 1989 Ferrari ilileta katika mashindano ya Formula One gari lenye vibao viwili vidogo nyuma ya usukani. Kimoja kinapandisha gia, kingine kinashusha, na mikono haitoki kwenye usukani. Nigel Mansell alilishindia Brazil katika mbio zake za kwanza kabisa. Baada ya hapo timu nyingine hazikuwa na la kufanya ila kufuata. Mwaka 1997 Ferrari ikauza gari la barabarani, F355, lenye vibao hivyo hivyo.

Kisha ikaja giaboksi ya klachi mbili. Wazo lenyewe ni la zamani, Mfaransa Adolphe Kégresse alilifikiria 1939, lakini lilingoja kompyuta. Ili kuielewa, wafikirie makuli wawili wanaopakia saruji ya Tororo kwenye lori. Kama yuko mmoja tu, hupeleka mfuko, hurudi, huchukua mwingine, na aliye juu ya lori husubiri. Wakiwa wawili, huyu anapoutua wake yule amekwisha kusimama na wake begani. Giaboksi hiyo ni hivyo: klachi moja inashika gia ya kwanza, ya tatu na ya tano, nyingine inashika ya pili, ya nne na ya sita. Gia ya tatu ikiwa kazini, ya nne imekwisha kuingia inangoja. Volkswagen iliiweka kwenye gari la kuuzwa kwa wingi, Golf R32, mwaka 2003. Porsche ilikuwa imeijaribu kwenye magari yake ya mashindano tangu miaka ya 1980, ikaitoa katika 911 ya kuuzwa mwaka 2008.

Hapo mwanadamu alishindwa waziwazi. Porsche yenyewe ilisema kwamba 911 GT3 ya 2017, injini ile ile, hufika kilomita 100 kwa saa kwa sekunde 3.9 ikiwa ya mkono na 3.4 ikiwa ya klachi mbili. Nusu sekunde. Hakuna bingwa wa dunia anayeweza kuirudisha nusu sekunde hiyo kwa mguu wake wa kushoto.

Baadaye kila mwaka ulichukua wake. Nissan Skyline GT-R za zamani, mpaka ile iliyokoma 2002, zilikuwa za mkono peke yake. GT-R ya 2007 ilikuja bila klachi ya mguu, ikaendelea hivyo mpaka ilipokoma 2025. Ferrari iliacha gia za mkono karibu 2012. Lamborghini ya mwisho kuwa nazo ilikuwa Gallardo, iliyokoma 2013. Chevrolet Corvette, gari la kasi la Wamarekani tangu babu zao, lilikuja jipya kwa mwaka wa 2020 bila mkono wa gia kabisa. Na huko Marekani kwa jumla, mwaka 1980 karibu theluthi ya magari mapya yalikuwa ya gia za mkono. Miaka hii ni kama gari moja au mawili katika mia.

Kasi haikuwa sababu pekee. Sheria za moshi zina mkono hapo, maana kompyuta huchagua gia inayopita vizuri kipimo cha moshi, na mwanadamu huchagua anayoipenda. Foleni za mijini nazo zimewachosha wenye magari. Na kiwanda hakipendi kulipia majaribio ya giaboksi za namna mbili kwa gari moja ikiwa wanunuzi wa namna ya pili ni wachache. Mwisho limekuja gari la umeme, ambalo kwa kawaida lina gia moja tu. Hapo nilicheka niliposoma kwamba Hyundai Ioniq 5 N, gari la umeme la 2023, limewekewa gia za uongo: linashtuka kidogo na kupiga mlio kama vile linabadilisha gia, ili mwenyewe afurahi. Mtu ananunua mashine isiyo na gia, kisha analipia ndoto ya gia!

Lakini kuna upande wa pili, nao ndio ulionifanya niandike. Mwaka 2013 Porsche ilitoa GT3 ya otomatiki tu, wapenzi wake wakalalamika. Mwaka 2016 ikaunda 911 R, za mkono peke yake, magari 991, yakaisha mara moja, na baadaye wengine wakayauza kwa bei iliyopita mbali ile ya dukani. Mwaka uliofuata kiwanda kikarudisha gia za mkono kwenye GT3. Toyota Supra ilitoka 2019 ikiwa otomatiki tu. Mwaka 2022 ikatangazwa ya mkono. Gordon Murray, mzaliwa wa Durban huko Afrika Kusini, mwaka 2020 alionyesha gari lake T.50, la gia sita za mkono na magari 100 tu ya barabarani, kila moja kwa zaidi ya pauni milioni mbili za Kiingereza kabla ya kodi.

Basi ujuzi ule ule aliokuwa nao dereva wa Bedford kwa ujira wa shilingi chache, leo tajiri anaununua kama saa ya dhahabu. Sisemi afanye vibaya, fedha ni zake. Nasema kwamba kitu kikiwa na thamani mkononi mwa mwenye gari, kina thamani pia mkononi mwa yule anayelileta.

KLACHI ILIYOUNGUA TIMBOROA

Twende sasa Mombasa. Magari yetu mengi ni yale yaliyotumika Japani, kwa hiyo tunapata kile ambacho Mjapani alipenda miaka kadhaa iliyopita. Tangu 1991 Japani ina leseni ya otomatiki peke yake, na vijana wao wengi wakaichukua hiyo. Ndiyo maana ukipita kwenye yadi za magari Mombasa utahesabu safu nzima bila kuona pedali ya tatu. Kenya nayo sasa ina daraja la leseni la gari dogo la otomatiki. Kijana anaweza kufaulu mtihani, akaitwa dereva, na hajawahi kukanyaga klachi.

Magari ya kasi ya mkono ndiyo yaliyobaki, na yenyewe yanapungua. Lancer Evolution ilikoma 2016. Subaru ilitangaza 2022 kwamba haitaunda STI mpya ya petroli juu ya WRX ya wakati ule, na WRX S4 iliyotoka Japani 2021 ilikuja ya otomatiki peke yake. Kenya haipokei gari lililozidi miaka minane, na sheria ya Uganda ya 2018 inakataza lililozidi 15. Piga hesabu. Mlango wa Kenya kwa Evolution umekwisha kufungwa. Wa Uganda, sheria ikibaki ilivyo, utafungwa mwanzoni mwa miaka ya 2030. Mpaka hapo yatapita machache, na kila moja litahitaji mtu wa kuliendesha zaidi ya kilomita elfu moja kutoka baharini mpaka Kampala.

Nani atakayeliendesha? Nilishughulikia kesi ya kijana mmoja, sitamtaja, wala tajiri wake sitamtaja. Alikabidhiwa Subaru ya gia sita jioni, akaambiwa awe mpakani kesho kutwa. Alijua klachi kidogo, ya Probox ya mkono aliyojifunzia. Klachi ya gari la kasi ni ngumu, inashika ghafla juu kabisa, haina huruma. Alipopanda Timboroa kwenye msururu wa malori, kusimama na kuondoka, kusimama na kuondoka, harufu ikatoka. Akasukumwa kando. Tajiri alimkata malipo ya safari tatu, bila mtu yeyote kulifungua gari lile kuangalia.

Nilipouliza klachi hiyo ilikuwa na hali gani ilipotoka yadi, hakuna aliyejua. Ilikuwa imetumika miaka mingapi Japani, na kijana gani wa huko alikuwa akiichoma kwenye taa za barabarani? Hakuna aliyejua. Lakini mkosaji alikwisha kupatikana, maana ndiye aliyekuwa ameshika usukani. Gari likifika salama, sifa ni za Subaru. Likiharibika, kosa ni la dereva.

Madereva na wafasheni wa gari za kasi watanisamehe nikieleza jambo wanalolijua. Klachi iliyokwisha hupimwa hata bila kuifungua. Gari likiwa mahali tambarare, bila mtu mbele yake, vuta breki ya mkono mpaka mwisho, ingiza gia ya tatu, ongeza mafuta kidogo na uachie klachi polepole. Injini ikizima, klachi inashika. Ikiendelea kunguruma kama kwamba hakuna lililotokea, imekwisha. Usiirudie mara nyingi, maana kipimo chenyewe kinaila. Na njiani, ukiona injini inapanda mlio na gari haliongezi mwendo, hiyo ni klachi inateleza, simama upige simu kabla ya mlima, si katikati yake.

Sheria ya Kenya ya ajira ya 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa uharibifu uliotokana na kosa la makusudi la mfanyakazi. Neno ni makusudi. Klachi iliyokuja imechakaa na dereva ambaye hakufundishwa, makusudi yako wapi hapo? Madereva wengi hukubali kukatwa kwa sababu wanalipwa kwa safari na wanaogopa kukosa gari la wiki ijayo. Hofu hiyo naijua. Ndiyo sababu kesi kama hizi ziletwe kwenye tawi siku hiyo hiyo, kabla kijana hajatia sahihi karatasi ya kukubali deni.

Upande wa otomatiki nako kuna mitego. Wengi wanaona ni D na R tu. Ukishuka Salgaa, mahali palipokula watu wengi kwa sababu ya malori yaliyowekwa frii ili kuokoa mafuta, gari la otomatiki nalo lishushwe gia: kwenye L, au 2, au upande wa M ukichagua mwenyewe. Ukikanyaga breki peke yake kilomita nyingi zitapata moto na kukataa. Gari la otomatiki halisukumwi liwake kama lile la mkono. Likiharibika, lisivutwe kwa kamba huku magurudumu yanayoendeshwa na giaboksi yamegusa chini, hasa yale ya magurudumu manne, libebwe. Dereva aliyelivuta tangu Webuye mpaka mpakani kwa wema wake anaweza kufika na giaboksi iliyokufa, na deni.

Mafundi nao wana kilio chao. Klachi ya kawaida fundi wa Busia huibadilisha chini ya mwembe, kwa jeki mbili na kijana wa kumshikia taa. Giaboksi ya klachi mbili inataka kompyuta ya kiwanda ili ikubali kufungwa na kufunguliwa, na mafuta ya aina yake peke yake. Ukiweka mafuta ya gia ya kawaida umeiua. Mwenye gari hununua mafuta ya bei nafuu dukani, anakuletea, anasema weka haya, na giaboksi ikifa anakudai wewe. Kwa hiyo nawaomba mafundi: aina ya mafuta iandikwe kwenye risiti pamoja na jina la aliyeyanunua. Ujuzi wa zamani hautupwi. Lakini bila kupata mashine za kupimia, hata moja ya kushirikiana gereji tano, watoto wetu wa gereji watabaki kuosha magari tu.

MKONO WA GIA ULIPORUDI NAIVASHA

Nimesema maendeleo si mvua. Ushahidi uko Kenya, karibu na sisi.

Safari ilikuwa imetoka katika mashindano ya dunia baada ya 2002. Ilirudi Naivasha mwaka 2021, na Sébastien Ogier akashinda kwa Toyota Yaris yenye kibao cha gia kwenye usukani. Mwaka uliofuata wakubwa wa mchezo huo walibadilisha sheria za magari ya daraja la juu. Vibao vikapigwa marufuku. Giaboksi ikawa ya gia tano, na mkono wa kuvuta na kusukuma umesimama kando ya dereva. Sababu waliyoitoa ni gharama. Mitambo ya vibao ilikuwa ghali, timu zilikuwa zinachoka kulipa, basi ikaondolewa.

Si mkono ule wa zamani wa kutafuta gia kushoto na kulia, na klachi hutumika hasa wakati wa kuondoka. Lakini ni mkono. Mwaka 2022 Kalle Rovanperä alishinda Safari kwa gari la namna hiyo, na Toyota ikachukua nafasi nne za kwanza. Ogier alishinda 2023, Rovanperä tena 2024, Elfyn Evans 2025, wote kwa mkono, wote wakipita vumbi la Naivasha kwa kasi ambayo wazee wa Peugeot 404 wasingeiamini.

Ikiwa watu waliokaa mezani waliweza kuurudisha mkono wa gia kwenye magari ya kasi kuliko yote yanayofika Afrika Mashariki, kwa sababu fedha zao zilikuwa zinaumia, basi mambo haya huamuliwa mezani. Na mezani dereva hayupo.

Malori nayo yamekwisha kuingia njia hiyo. Volvo ilitoa gia zake za kujibadilisha kwa malori makubwa mwaka 2001, wengine wakafuata, na katika foleni ya Malaba sasa utakuta dereva wa lori jipya ambaye mguu wake wa kushoto hauna kazi. Kwa afya ya goti ni jambo jema, nalikubali. Lakini tajiri mmoja aliniambia katika mazungumzo ya ujira kwamba siku hizi gari linajiendesha, kwa nini amlipe mtu kama dereva wa zamani. Nilimuuliza kama gari linajiendesha pia linapolala siku mbili kwenye foleni, linapolinda mzigo usiku, linapojibu maswali ya forodha. Hakunijibu, akaomba chai.

Kuna jambo lingine. Kompyuta ya giaboksi hizi huweka kumbukumbu za hitilafu, na katika malori mengi inaonyesha hata namna dereva alivyoendesha. Matajiri wameanza kuitumia kama shahidi wao. Sisi tunataka shahidi huyo asikilizwe na pande zote mbili: kabla ya senti moja kukatwa, kumbukumbu isomwe mbele ya dereva na mwakilishi wake, na nakala apewe. Mara nyingine mashine hiyo ndiyo itakayosema kwamba giaboksi ilikuwa mgonjwa tangu Mombasa.

Katika majadiliano yajayo tawi letu litaomba pia nyongeza kwa kila gari la gia za mkono la injini kubwa linaloletwa na dereva wa transit, kwa kuwa wanaoliweza wanapungua na mwenye gari amekwisha kulipia anasa hiyo. Na litaomba siku mbili za mafunzo kwa vijana, zilipwe na mwajiri: siku moja ya klachi, siku moja ya otomatiki na mteremko. Madereva wazee watakaokubali kufundisha walipwe kama safari.

Wakati huo huo tumetengeneza karatasi ya ukurasa mmoja. Dereva ataijaza yadi kabla ya kuwasha gari: namba ya chasisi, gia za mkono au otomatiki, hali ya klachi baada ya kupimwa, rangi na harufu ya mafuta ya giaboksi kama kijiti cha kupimia kipo, taa zinazowaka kwenye dashibodi, na kilomita. Mtu wa yadi atie sahihi. Akikataa, dereva aandike amekataa, na saa aliyokataa, na apige picha kwa simu. Nakala moja ibaki yadi, moja iende na gari, moja ibaki mfukoni mwa dereva mpaka alipwe. Karatasi hizo ziko kwa makatibu wa matawi, Busia na Malaba, na haziuzwi.